Njia za Kuzifikia Rejesta za Saa katika Kiini cha Kompyuta

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia na kuhesabia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile ilikuwa njema, na waliofanya wanastahili sifa. Walakini lugha yetu ilifika barazani tu: iliandikwa juu ya vitufe na orodha zionwazo na mtumiaji. Vyumba vya ndani, pale programu inapozungumza na chuma chenyewe, vimeelezwa kwa Kiswahili kwa uchache sana. Katika makala haya nakusudia kuingia chumba kimoja cha ndani, nacho ni kidogo na chenye giza: jinsi kiini cha kompyuta kinavyozifikia rejesta zitawalazo saa za mtambo.

Msomaji wa jarida la lugha anaweza kuuliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu kwa kuwa matatizo yake, yakichunguzwa, ni ya kutenga mambo mawili ambayo maneno huyachanganya kwa urahisi: jambo liandikwalo, na njia ya kulifikisha. Mwanafunzi asiyepewa maneno ya kuyatenga hayo atakariri taratibu bila kuzielewa. Wala mitambo yenyewe haiko mbali. Matangazo ya televisheni ya kizamani yalipoanza kuzimwa nchini tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia Dar es Salaam, na kufuatiwa na Moshi na miji mingine mwaka 2013, kila nyumba yenye televisheni ilihitaji king'amuzi. Leo katika mtaa wa Majengo, Moshi, fundi mwenye meza ndogo na chuma cha kulehemia ana ving'amuzi na simu mbele yake. Kila simu ya Android aifunguayo ina ndani yake kiini cha Linux, kile kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Na ndani ya kiini hicho mna mamia ya saa. Mifano yangu nitaichukua kwenye mji huo na kwenye miteremko ya Kilimanjaro iliyo juu yake, kwa sababu huko uko mfano ulio bora kuliko yote niijuayo.

Kwanza maneno. Neno saa katika kamusi zetu, tangu ile ya mwaka 1939, lina maana mbili zijulikanazo: kipimo cha wakati, na chombo kionyeshacho wakati. Wahandisi wameongeza maana ya tatu, ambayo haihusiani na asubuhi wala jioni. Saa kwao ni mkondo wa mapigo ya umeme yaliyo sawasawa, ambayo kwayo kila sehemu ya mtambo hupiga hatua. Sehemu isiyopata mapigo husimama kama ngoma isiyopigwa. Mtu asemapo kwamba saa ya sauti imefungwa, hana maana kwamba simu imepoteza majira. Ana maana kwamba sehemu ile itoayo sauti haipati mapigo. Chombo kitunzacho majira nacho kimo katika mtambo, na chenyewe hula mapigo vile vile: aghalabu hupewa mapigo 32,768 kwa sekunde, kwa kuwa hesabu hiyo ikikatwa nusu mara 15 hubaki pigo moja tu, nalo ndilo sekunde. Hata hivyo ni kitu kingine. Kwa hiyo katika makala haya nitasema mapigo kila nitakapokuwa na maana hiyo ya tatu, na saa nitaiacha katika majina tu.

Neno rejesta lina bahati mbaya zaidi. Mwalimu wa shule huita rejesta daftari lake la mahudhurio. Mwanaisimu huita rejesta mtindo wa lugha ufaao mahali fulani, kama rejesta ya mahakamani au ya sokoni. Mhandisi huita rejesta kijisanduku ndani ya chipu, chenye nafasi za tarakimu, mara nyingi 32, kila moja ikiwa sufuri au moja. Nafasi hiyo huitwa biti. Nadhani maana hii ya tatu iko karibu na ile ya mwalimu, kwa sababu vyote viwili ni mahali pa kuandika alama moja moja katika safu. Ipo tofauti moja kubwa: daftari la mwalimu husimulia yaliyotokea, bali rejesta ya chipu huyatokeza. Andika moja katika biti fulani, na mkondo wa mapigo wafunguka papo hapo.

Kiendeshi ni programu ndogo iliyo ndani ya kiini, ijuayo tabia za kifaa kimoja. Dereva silipendi hapa. Dereva ni mtu, tena mwenye kushika usukani; na mwanafunzi asomaye dereva wa saa hutafuta mtu.

Sasa mfano wenyewe. Wenyeji wa Kilimanjaro wamechimba mifereji tangu zamani sana, nao huiita mifongo. Maji huchotwa mtoni juu, karibu na msitu, yakaongozwa kwenye mteremko mpaka vihambani. Mfongo mkubwa huzaa midogo, na midogo huzaa midogo zaidi. Mahali pengine maji hugawanywa, mahali pengine huzuiwa kwa udongo na migomba, na mahali pengine hukusanywa usiku katika bwawa liitwalo nduwa ili yatumike mchana. Watu hupokezana kwa zamu. Mikondo ya mapigo katika chipu imepangwa hivyo hivyo. Chanzo ni fuwele ndogo itikisikayo, mathalani mara milioni 24 kwa sekunde. Kutoka hapo mna kizidishi kiongezacho kasi (na hapa mfano unapwaya, kwa kuwa hapana mfongo uwezao kuzidisha maji), kisha vigawanyi vipunguzavyo, viteuzi vichaguavyo mkondo upi ufuatwe, na malango yafunguayo na kufunga. Mwisho wa kila tawi yupo mnywaji: sauti, picha, redio, kadi ya kumbukumbu.

Malango hufungwa kwa sababu ya umeme. Sehemu isiyopata mapigo hula umeme kidogo mno, na betri ya simu hudumu. Lakini lango moja huweza kuwalisha wawili. Mwenye kihamba cha chini akifunga lango la juu kwa kuwa yeye amekwisha kumwagilia, jirani yake hukauka. Basi kiini huhesabu: kila aombaye mapigo huongeza moja, kila aachaye hupunguza moja, na lango hufungwa hesabu ifikapo sufuri. Na aombaye tawi la chini hufunguliwa kwanza matawi yote ya juu yake. Utaratibu huu mmoja wa pamoja uliingia katika Linux toleo la 3.4, mwezi wa Mei 2012, kwa kazi ya Mike Turquette na wenzake. Kabla yake kila jamii ya chipu ilikuwa na utaratibu wake, kama kwamba kila kijiji kina sheria yake ya maji juu ya mto ule ule.

Utaratibu huo ulikuja na viendeshi vya msingi tayari: kimoja cha lango, kimoja cha kigawanyi, kimoja cha kiteuzi, na vinginevyo. Hapo ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Viendeshi hivyo vilijua mambo mawili kwa pamoja. Vilijua la kuandika, kwa mfano kwamba biti ya nne ikiwa moja lango hufunguka. Tena vilijua njia ya kufika, yaani kwamba rejesta ina anwani katika kumbukumbu ya mtambo, na yatosha kuandika kwenye anwani hiyo kama vile ni kumbukumbu ya kawaida. Kwa chipu nyingi hayo mawili yalikuwa kweli, na hakuna aliyesumbuka kuyatenga.

Lakini si kila rejesta hukaa pale. Chipu itoayo mapigo huweza kuwa nje ya chipu kuu, ikaunganishwa kwa nyaya mbili tu, kwa njia iitwayo I2C. Si5351 ni mojawapo, nayo yapendwa sana na watu wa redio za ridhaa. Kuandika katika rejesta yake si kuandika kwenye anwani ya kumbukumbu. Ni kutuma barua: jina la mpelekewa, namba ya rejesta, kisha thamani, biti moja baada ya nyingine katika waya, na kungoja jibu. Tendo ambalo ndani ya chipu kuu huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, hapa huchukua muda mrefu mara maelfu. Lango ni lango lile lile na hesabu yake ile ile. Njia tu ndiyo iliyobadilika. Kumbe kiendeshi cha msingi, kwa kuwa kimefungwa na njia yake, hakifai tena, na mtu hulazimika kuandika kingine chenye maarifa yale yale.

Njia yaweza kubadilika hata bila kutoka katika chipu. Mwarabu husema tano na arobaini. Sisi tulichukua neno arobaini kwake, lakini twasema arobaini na tano. Tarakimu hazikubadilika, ila mpango wake. Chipu nazo zimegawanyika hivyo: nyingine huweka baiti ndogo kwanza, nyingine kubwa kwanza. Kwa miaka kadhaa viendeshi vya msingi vya Linux vilisoma rejesta kupitia kijisehemu kimoja kilichofichwa, ambacho katika mitambo ya jamii ya PowerPC kiligeuza mpango, na katika mingine hakikugeuza. Hivyo mpango ulitegemea mtambo mzima, wala si kifaa chenyewe. Mwaka 2019, katika toleo la 5.2, kijisehemu hicho kiliondolewa, na mahali pake ikawekwa alama ya kuwashwa na kila kifaa chenye kuhitaji baiti kubwa kwanza. Alama hiyo ililazimika kuandikwa mara tano: katika lango, kigawanyi, kigawanyi cha sehemu, kizidishi na kiteuzi. Nayasifu marekebisho yale kwa uwazi wake. Lakini msomaji na atazame hesabu. Njia mpya moja, viendeshi vitano vyaguswa. Njia zikifika nne, itakuwaje?

Liko tatizo lingine, nalo ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa halionekani mezani kwa fundi. Rejesta moja huweza kuwa na wenyewe wawili. Amlogic, kampuni ambayo chipu zake hutumika katika visanduku vingi vya televisheni duniani, iliweka rejesta za mapigo katika eneo moja na rejesta za mambo mengine, kama umeme wa sehemu za picha. Ili kubadilisha biti moja, kiendeshi hapana budi kisome rejesta nzima, kibadilishe biti hiyo katika nakala yake, kisha kiiandike nzima tena. Tuseme makarani wawili wa ghala la kahawa wanatumia ukurasa mmoja wa daftari. Wa kwanza anaunakili ukurasa na kwenda kando kurekebisha mstari wa tatu. Wa pili anaunakili ule ule na kurekebisha mstari wa tisa. Wa kwanza anarudisha ukurasa wake. Wa pili anarudisha wake juu yake, na mstari wa tatu umerudi kama ulivyokuwa. Hakuna aliyekosea katika kazi yake. Ndani ya chipu, kiendeshi cha sauti huamini lango lake li wazi, kumbe kiendeshi cha picha kimelifunga bila kujua. Na katika baadhi ya chipu, kusoma rejesta ya kifaa kisicho na mapigo huugandisha mtambo wote. Mwenye simu huizima na kuiwasha, ikapona, na siku ya pili fundi huambiwa kwamba ni mbovu naye haoni ubovu.

Dawa ilikuwepo kabla ya ugonjwa kujulikana sana. Katika viendeshi vya sauti vya Linux, ambavyo tangu mwanzo vilishughulika na chipu zilizo nje, mlikuwa na sehemu ya kutunza rejesta. Mark Brown aliitoa humo na kuifanya ya wote, ikaingia katika toleo la 3.1, Oktoba 2011, kwa jina la regmap, yaani ramani ya rejesta. Wazo lake ni jepesi. Mwenye kujua njia huieleza mara moja tu, mwanzoni: rejesta ina biti ngapi, namba zake zinarukana kwa kiasi gani, baiti ipi hutangulia, na je, twafika kwa anwani ya kumbukumbu au kwa nyaya mbili au kwa njia nyingine. Kisha hutoa mkono mmoja wa kushika. Kiendeshi cha mapigo hupewa mkono huo, nacho husema tu: katika rejesta hii, biti hizi, ziwe hivi. Jinsi ya kufika si shauri lake. Na kwa kuwa wote wapitao hapo hupita mlango mmoja, kufuli huwekwa mlangoni. Kusoma, kubadilisha na kuandika huwa tendo moja lisiloingiliwa, na makarani wetu wawili hawapotezeani mistari.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana, maana wengi hudhani mkono huo huondoa tofauti zote. Hauondoi. Makufuli ni ya namna mbili. La kwanza naliita kufuli la macho: anayelingoja hasinzii, huzunguka mlangoni akigonga, na aliyelishika haruhusiwi kulala. Hulifaa tendo fupi. La pili naliita kufuli la usingizi: anayengoja hulala na kuamshwa zamu yake ifikapo. Kiini cha Linux hufungua malango ya mapigo chini ya kufuli la macho, kwa kuwa huenda likatakiwa kufunguliwa wakati ambapo kulala ni haramu. Lakini barua ya nyaya mbili haiwezi kutumwa bila kungoja, na kungoja ni kulala. Kwa hiyo utaratibu wa mwaka 2012 uligawanya tendo mafungu mawili: kuandaa, ambako kulala kumeruhusiwa, na kuwasha, ambako hakukuruhusiwa. Ni kama mfongo: watu hupanda kwa pamoja asubuhi kusafisha banio la maji kule msituni, kazi ya kutwa, kufungua maji kihambani ni kuondoa donge la udongo kwa jembe. Mwenye kuandika kiendeshi cha chipu ya nje huweka kazi yote katika kuandaa, na katika kuwasha haweki kitu. Asipojua hili, ramani ya rejesta itamfikisha mahali, ila itamfikisha saa isiyofaa. Njia yaweza kufichwa. Urefu wa njia haufichiki.

Pana na gharama. Kila tendo kupitia mkono hupiga hatua zaidi kuliko kuandika moja kwa moja, na palipo na rejesta isiyoshirikiwa, iliyo ndani ya chipu kuu, na inayoguswa mara nyingi, sioni sababu ya kulipa. Ndiyo maana viendeshi vya msingi vya Linux vilibaki na njia ya moja kwa moja, na waliohitaji ramani wakajijengea vyao. Viendeshi vya chipu za Qualcomm viliingia na vya kwao katika toleo la 3.14, mwaka 2014. Vile vya Amlogic vilihamishwa mwaka 2018, katika toleo la 4.17. Ukivitazama ni ndugu: lango, kigawanyi, kiteuzi, kila kimoja kikiandikwa upya kwa mkono ule ule. Kwangu mimi hii ni hasara. Sehemu ya hesabu ingetengwa na sehemu ya kugusa chuma, ndugu hao wangekuwa mtu mmoja. Na kwa kweli hesabu ya kigawanyi ilitengwa, hata viendeshi vya namna zote huiazima. Lango halikupata bahati hiyo, labda kwa kuwa hesabu yake ni fupi mno hata watu huona ni rahisi kuiandika tena kuliko kuiazima. Wasemao kwamba sehemu ya pamoja ingekuwa na masharti mengi mno wana haki yao. Lakini kila nakala ni mahali pengine pa kusahau kurekebisha kosa.

Narudi kwa maneno. Tendo ambalo makala haya yamelizungumza hutafsiriwa kwa namna mbili: kufikia, na kuruhusiwa kuingia. Katika habari za faragha na nywila namna ya pili yafaa, lakini hapa yapotosha kabisa. Mwanafunzi aambiwaye kwamba kiendeshi kinahitaji ruhusa ya rejesta atatafuta mtoa ruhusa, na hatauliza juu ya njia, mpango wa baiti, wala urefu wa safari. Nashauri kufikia litumike peke yake, na jina lake liwe ufikiaji. Kwa ramani ya rejesta sina shaka. Neno ramani lilikwisha kuzoea kazi ya namna hii. Kwa kuandaa na kuwasha napendekeza yatumike jinsi yalivyo, mradi mwalimu aseme wazi kwamba lililoandaliwa halijawaka. Kufuli la macho na kufuli la usingizi nimeyaunda mwenyewe, na wenye masikio bora wanaweza kuyarekebisha. Ila wasichukue neno lisemalo kuzunguka peke yake, kwa kuwa lieleweshwalo si mzunguko bali ni katazo la kulala.

Ugumu uliobaki ni wa neno saa lenyewe. Mtu wa Majengo aambiwapo kwamba saa ya kifaa ni milioni 24, hujibu, na kwa haki, kwamba saa ni kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku, wala hazizidi. Mapigo yamenitosha katika makala haya, lakini halina umoja ufaao: pigo ni dundo moja, na mkondo mzima hauwezi kuitwa pigo. Mkondo wa mapigo ni refu kwa kuandikwa juu ya mchoro. Mpigo ni fupi, lakini masikioni mwa wengi ni la moyo. Kwa sasa ningeliandika mpigo katika michoro na mkondo wa mapigo katika maelezo, hadi wahandisi na watu wa lugha watakapokaa meza moja na michoro hiyo mbele yao.